Kumfundisha Mbwa Nyumbani: Kuanzia Jina Lake Hadi Kusubiri Getini

Katika nyumba nyingi za mijini kwetu mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi, na mafunzo yake huishia hapo. Mchana hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba, usiku hufunguliwa, kisha hutarajiwa atambue mwenyewe nani ni mwizi na nani ni mjomba aliyechelewa kufika kwa basi la usiku. Akikosea hupigwa, na kipigo hicho humfundisha jambo moja tu, nalo ni kuuogopa mkono wa mtu. Mwongozo huu unamhusu anayetaka kufanya zaidi ya hayo bila kuwa na mwalimu wa kumlipa. Lengo nililoliweka ni moja, na kila mwenye uzio atalielewa: kuwa na mbwa anayeweza kuketi na kusubiri huku geti likiwa wazi, bodaboda zikipita nje na mgeni akiingia ndani. Mbwa anayetoka mbio kila geti linapofunguliwa hugongwa na magari, huwauma watoto wa watu, na hukutana na mbwa wa mitaani wasiochanjwa. Ndiyo maana kila hatua iliyoelezwa hapa inaelekea kwenye geti hilo. Mbwa wa kienyeji analiweza jambo hili sawasawa na mbwa wa mbegu ya kigeni, na mimi nimelifundisha kwa mbwa wa kienyeji peke yao.

Kabla ya somo la kwanza

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8, kwa sababu ni kwa mama na ndugu zake anakojifunza kwamba kung'ata kwa nguvu huwaumiza wengine. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apate dawa ya minyoo na chanjo zake za utotoni, na akifikisha miezi 3 apate chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo huko tuliko hurudiwa kila mwaka. Mbwa mwenye minyoo, kupe au njaa hawezi kufundishika, na si haki kumdai utulivu wakati mwili wake hautulii.

Wakati huohuo usimfungie ndani akisubiri kukua. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walionyesha kwamba kuna kipindi kifupi cha utotoni, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12, ambacho mtoto wa mbwa huwazoea watu na vitu kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Kwa kuwa chanjo zake bado hazijakamilika, mbebe mikononi badala ya kumtembeza chini palipopita mbwa wengine. Aone mwanamke aliyevaa baibui, mzee mwenye bakora, mtu mwenye mwavuli, toroli la maji, pikipiki inayowashwa, na watoto wa shule wanaopiga kelele, na kila anapoona kimojawapo apate kipande kidogo cha chakula. Dakika chache kwa siku zinatosha. Mbwa wengi wanaoitwa wakali ni waoga ambao hawakuonyeshwa dunia walipokuwa wadogo.

Hatua ya kwanza: Nyumba nzima ikubaliane maneno

Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa, tena kabla hata mbwa hajaanza kujifunza. Baba husema "kaa", mama husema "keti", watoto husema neno la Kiingereza walilolisikia kwenye televisheni, na mlinzi hupiga mluzi. Kisha wote hulalamika kwamba mbwa ni mkaidi. Mbwa haelewi lugha. Anachokishika ni sauti moja inayofuatwa na tukio moja. Sauti zikiwa nne kwa tukio moja, au sauti moja kwa matukio manne, hana namna ya kujua anachotakiwa.

Kiswahili chetu kina mtego wake katika jambo hili. Neno "kaa" kwetu lina maana ya kuweka makalio chini na pia maana ya kubaki mahali, na kwa mbwa hayo ni matendo mawili tofauti kabisa. Ninashauri neno "keti" litumike kwa kuketi, na "subiri" kwa kubaki mahali hadi aruhusiwe. Neno "njoo" ni jema kwa kumwita, lakini kwa kuwa siku nzima tunaitana sisi kwa sisi kwa neno hilo, litanguliwe daima na jina lake: "Simba, njoo." Neno "acha" litumike anapotakiwa kuachana na kitu alichokishika au anachokikaribia, na neno "twende" liwe ruhusa, yaani tangazo kwamba kazi ya kusubiri imekwisha. Andika maneno haya matano kwenye karatasi, uibandike mlangoni mwa jiko, na kila anayeishi humo, pamoja na dada wa kazi, mlinzi na bibi aliyekuja kutembea, ayatumie hayo na si mengine.

Neno moja lipigwe marufuku nyumbani, nalo ni "shika". Vijana hupenda kuwachochea mbwa kwa neno hilo wanapomwona mpita njia, wakidhani wanafundisha ulinzi. Wanachomfundisha ni kwamba mtu anayekimbia ni windo, na mtoto wa jirani naye hukimbia.

Hatua ya pili: Malipo na wakati wake

Mbwa hurudia tendo linalomletea faida na huacha lisilomletea chochote. Huo ndio msingi wote, na kinachobaki ni ustadi wa wakati. Chakula kikichelewa, hata kwa sekunde chache tu, mbwa hukihusisha na kile alichokuwa akikifanya chakula kilipofika, na si kile ulichokikusudia. Aliketi, ukaanza kutafuta mfukoni, akasimama, ukampa: umemlipa kwa kusimama.

Dawa yake ni neno la kutangulia malipo. Ivan Pavlov, mwanasayansi Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu usagaji wa chakula, aliona kwamba mbwa wake walianza kudondosha mate kabla chakula hakijawafikia, kwa kuona au kusikia kile kilichozoea kukitangulia. Nasi tunaweza kulitumia jambo hilo uani kwetu. Chagua neno fupi na kali, kama "safi!", kisha kwa siku mbili litamke na papo hapo umpe kipande cha chakula, mara 15 kwa kila kikao, bila kumwamuru chochote. Utajua limeingia pale atakapogeuza kichwa upesi kila anapolisikia. Tangu hapo neno hilo linakata wakati kama kisu: makalio yanapogusa chini unasema "safi!", na hata mkono ukichelewa kidogo, mbwa ameshajua amelipwa kwa lipi.

Kuhusu chakula chenyewe, huhitaji biskuti za dukani. Dagaa wakavu wasio na chumvi nyingi, waliokatwa vipande viwili au vitatu, wanafaa sana kwa sababu harufu yao ni kali na hawachafui mfuko. Vinafaa pia vipande vya ini au mapupu vyenye ukubwa wa punje ya hindi, lakini lazima vichemshwe vikaiva kabisa. Ini na mapupu ya mbuzi, kondoo na ng'ombe yanaweza kuwa na vifuko vya minyoo aina ya tegu. Mbwa akivila vibichi hupata minyoo hiyo, kisha mayai yake yanayotoka katika kinyesi chake humwingia binadamu na kumletea uvimbe wa maji ndani ya ini au mapafu. Wenzetu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wameuguza ugonjwa huo kwa miaka mingi. Usimpe kitunguu, chokoleti, zabibu, wala mfupa wa kuku uliopikwa, kwa kuwa huo huvunjika vipande vyenye ncha. Mfundishe kabla ya mlo wake mkuu, si baada ya kushiba ugali.

Vikao viwe vifupi: dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku. Asubuhi kabla ya jua kuwa kali na jioni baada ya saa kumi na moja ndizo nyakati nzuri, hasa Pwani, ambako mbwa anayehema kwa joto hana akili ya kujifunza.

Hatua ya tatu: Jina na kuitwa

Anza ndani ya uzio, mahali pasipo na mbwa mwingine. Tamka jina lake mara moja, akikutazama, sema "safi!" na umlipe. Usilirudie jina mara tano mfululizo, kwa sababu utamfundisha kwamba mara nne za kwanza hazina maana. Baada ya siku mbili au tatu ongeza "njoo" huku ukirudi nyuma hatua kadhaa, maana mbwa hupenda kumfuata anayekwenda kuliko anayemjia. Anapokufikia mlipe karibu kabisa na miguu yako, umguse ukanda wa shingoni, kisha umwache aende tena. Kumgusa ukanda ni muhimu, kwa kuwa wako mbwa wengi wanaokuja hadi umbali wa mkono kisha wakaruka pembeni.

Neno "njoo" lisiwahi kumletea jambo baya. Mbwa wangu wa kwanza nilimwita kwa neno hilo kila Jumamosi ili nimwogeshe dawa ya kupe, na haukupita mwezi akawa akilisikia anaingia chini ya gari. Nilimkasirikia bila sababu, ilhali alikuwa amejifunza vizuri kabisa kile nilichomfundisha. Ilinibidi nianze upya na neno lingine, "hapa", na ilichukua zaidi ya miezi miwili kabla hajaliamini. Ukihitaji kumwogesha, kumpa dawa au kumfungia bandani, mfuate wewe mwenyewe alipo. Na kama ametoroka kwa saa nzima kisha akarudi ulipomwita, mpokee kwa malipo hata kama moyo wako una hasira, kwa sababu fimbo ya wakati huo itampiga kwa kosa la kurudi.

Akishafaulu uani, tafuta kamba nyepesi ya mita 10, umpeleke kwenye kiwanja kisicho na watu wengi, na urudie somo kuanzia mwanzo kana kwamba hajui kitu. Mbwa hahamishi somo kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa urahisi kama sisi. Kuketi jikoni na kuketi barabarani kwake ni masomo mawili.

Hatua ya nne: Keti na subiri

Shika kipande cha dagaa mbele ya pua yake, kisha ukipandishe polepole kuelekea nyuma juu ya kichwa. Pua ikifuata juu, makalio hushuka yenyewe. Yanapogusa chini, sema "safi!" na umlipe. Usimkandamize mgongoni, mbwa anayekandamizwa hujifunza kusukumana nawe. Rudia mara kumi, kisha fanya ishara ileile ya mkono bila chakula mkononi, ukimlipa kutoka mfuko mwingine. Neno "keti" liingie mwishoni, pale unapokuwa na hakika kwamba anakaribia kuketi, kwa maana neno hubandikwa kwenye tendo lililokwisha kuwapo.

Kusubiri ndilo somo linalohitaji subira ya mwenye mbwa kuliko ya mbwa. Akiwa ameketi, sema "subiri", hesabu moja, "safi!", mlipe akiwa bado ameketi, kisha sema "twende" na umwache anyanyuke. Ongeza hadi sekunde 3, 5, 10, na mara nyingine urudi kwenye 2 ili kazi isiwe ngumu mfululizo. Muda ukifika sekunde 20, anza umbali: hatua moja nyuma, kisha urudi kumlipa pale alipo. Usimwite kutoka kwenye kusubiri katika siku za mwanzo, la sivyo atakuwa akikaa kama mwanariadha anayengoja filimbi. Na unapoongeza umbali, punguza muda. Unapoleta kishawishi kipya, kama mtoto anayecheza mpira, punguza vyote viwili. Akinyanyuka mara mbili mfululizo, somo limekuwa gumu mno, nawe ndiwe wa kulirahisisha.

Tabia za kila siku

Haja haina siri kubwa. Mtoto wa mbwa hutaka kujisaidia mara tu anapoamka, baada ya kula na baada ya kucheza. Mtoe wakati huo hadi mahali pamoja palepale, na umlipe papo hapo anapomaliza. Akikosea ndani, safisha bila maneno. Desturi ya kumsugua pua kwenye mkojo wake humfundisha kujificha anapojisaidia, na utakuwa ukiukuta mkojo nyuma ya kochi.

Kung'ata kwa mchezo hupita, ila kunahitaji mwongozo. Mtoto wa mbwa ana meno 28 makali, nayo huanza kung'oka karibu na mwezi wa 4 na kupisha meno 42 ya ukubwani, ambayo huwa yamekamilika karibu na mwezi wa 7. Katika muda huo fizi humwasha. Mpe kipande cha kamba nene iliyofungwa mafundo au mzizi mgumu wa mti, na anapokung'ata mkono, acha kucheza, simama, ugeuke kando kwa nusu dakika. Mchezo unaokoma kila jino linapogusa ngozi hufundisha kuliko kofi.

Kuwarukia watu ni jambo ambalo kwetu lina uzito wake. Jirani zetu wengi ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi Pwani, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu aliyetoka nyumbani akielekea msikitini hawezi kuona kwamba mbwa wako ni mchangamfu tu. Mfundishe kwamba mikono ya mgeni hutoa kitu pale tu miguu yote minne ikiwa chini: mwombe rafiki aingie, mbwa akiruka ageuke na kutoka, mbwa akitulia wewe umlipe. Wageni wasiotaka kuguswa waheshimiwe kwa kumfungia mbwa bandani kabla hawajaingia.

Kuhusu mnyororo nina msimamo, nao ni kwamba usifanywe makazi. Mbwa aliyefungwa kutwa nzima huona watu wakipita asiwafikie na asiweze kuwakimbia, na hali hiyo humjaza ukali usiochagua. Banda lenye kivuli, maji na nafasi ya kugeuka na kunyoosha miguu ni bora, na matembezi ya nusu saa jioni ni bora zaidi. Katika matembezi hayo, kamba ikivutika simama kama mti, ikilegea, endelea. Siku tatu za kwanza hamtavuka nyumba tatu, na hilo si tatizo.

Ishara za kusoma, na mipaka ya mafunzo ya nyumbani

Mbwa anayekunguruma anakuonya, na onyo ni jema. Ukimpiga kwa kunguruma, ataliacha onyo na kubakiza jino. Msogeze mbali na kinachomtisha, kisha umzoeshe kitu hicho kwa umbali anaoweza kuvumilia. Angalia pia mwili uliokakamaa, kulamba midomo bila chakula, weupe wa macho kuonekana pembeni, na kichwa kilichogeuzwa kando. Mkia unaotikiswa si furaha kila wakati. Mkia uliosimama wima ukitikiswa kwa kasi na kwa ugumu ni dalili ya msisimko unaoweza kuishia vibaya. Watoto wafundishwe wasimguse mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha.

Mbwa aliyekwisha kumuuma mtu hadi kutoa damu asiachiwe majaribio ya nyumbani. Daktari wa mifugo amchunguze, maana maumivu ya sikio au nyonga huzaa ukali. Jeraha la mtu lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa alichanjwa. Na mbwa anayebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza au anayeyumba anapotembea, asisogelewe kabisa. Mfungie geti alipo na umwite afisa mifugo.

Hatua ya mwisho: Getini

Mbwa anapoweza kusubiri nusu dakika uani wewe ukiwa hatua tano mbali naye, yuko tayari kwa geti. Mfunge ile kamba ndefu, na ncha yake ifungwe kwenye nguzo au ishikwe na mtu mwingine, kwa kuwa kosa moja barabarani halirudiwi. Muweke mita 2 kutoka getini, mwambie "keti", kisha "subiri", na uguse komeo tu. Akibaki ameketi, "safi!", rudi umlipe. Akinyanyuka, ondoa mkono kwenye komeo bila neno, umketishe upya. Kisha sogeza komeo lilie. Kisha fungua geti upana wa kidole, upana wa kiganja, upana wa mtu. Kila anaponyanyuka geti hujifunga, kila anapoketi hufunguka, na baada ya siku chache utamwona akiketi mwenyewe anapokusikia ukichukua funguo.

Usifungue lote kabla hajaweza upana wa mtu mara kumi bila kukosea kwa siku tatu mfululizo. Baada ya hapo leta vishawishi kimoja kimoja: mtoto wa nyumbani atembee nje ya geti, kisha apite na baiskeli, kisha rafiki abishe hodi na aingie. Mlinzi na kila mwenye ufunguo wafanye zoezi hilohilo, la sivyo mbwa atasubiri kwako na kutoroka kwao. Kwa mbwa aliyeanza akiwa na miezi 4 au 5, kazi hii nzima hunichukua kati ya wiki 6 na 10. Kwa mbwa mzima aliyezoea kutoroka, hesabu mara mbili ya hapo, na kamba isitolewe mapema.

Somo likishakaa, malipo ya chakula yapungue taratibu bila kukoma: leo alipwe mara moja kati ya tatu, kesho mara mbili, na asijue ni ipi. Na siku ya kwanza atakayosubiri bila kamba, geti likiwa wazi lote, paka wa jirani akipita mbele yake, mpe ini zima lililochemshwa.